Kalamu ya kutilia saini picha: ya kununua, na ya kuacha dukani

Picha ishirini nilizokuwa nimezichapa kwa wiki mbili ziliharibika kwa usiku mmoja, na aliyeziharibu ni mimi na kalamu yangu mpya. Ilikuwa kalamu ya rangi nzito, ile inayotikiswa kabla ya kuandikia, na ganda lake lilidai kwamba inafaa kwa picha. Nilitia saini nyuma ya kila picha, nikasubiri nusu saa, nikagusa kwa kidole, nikaridhika kwamba pamekauka, kisha nikazipanga moja juu ya nyingine. Asubuhi nilikuta picha kumi na tisa zina saini yangu usoni, imegeuka kama inayosomwa kwenye kioo, nyingi katikati ya anga. Ya ishirini ilinusurika kwa kuwa ilikuwa juu kabisa.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu mshiko wa kalamu wala weusi wa wino, mambo ambayo kila mnunuzi ataweza kuyaona mwenyewe. Unahusu kasoro moja isiyoandikwa kwenye ganda lolote: wino unaoonekana umekauka ilhali haujakauka. Kidole hakitoshi kuugundua, kwa sababu kinagusa kwa sekunde moja na kwa uzito mdogo, wakati rundo la picha hukandamiza kwa saa nyingi. Wino wa maji hukauka kwa njia mbili, yaani kwa maji kuvukizwa na kwa maji kufyonzwa na nyuzi za karatasi. Karatasi yenye utando wa plastiki haifyonzi kitu, hivyo wino hubaki umekaa juu kama tone juu ya sahani. Kalamu za rangi nzito zina hila nyingine: gundi iliyomo ndani ya rangi hufanya ngozi juu kwanza, na chini ya ngozi hiyo rangi inabaki laini kwa muda mrefu.

Ndiyo sababu swali la kwanza dukani lisiwe "kalamu ipi ni bora?" bali "nitaandika juu ya karatasi ipi?"

Kwa karatasi za pamba, karatasi zisizong'aa na pambizo za fremu, nafasi ya kwanza ninaipa Sakura Pigma Micron, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande, kwa maana ninaipenda na ninanunua mbili mbili. Wino wake, ambao kampuni hiyo ya Japani iliutoa mwaka 1982, ni wa pigmenti, yaani chembe ngumu za rangi zinazoelea katika maji, tofauti na wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa. Maji yakishafyonzwa, chembe hubaki zimenasa kwenye nyuzi; hazifuati unyevu na hazififii haraka kwa mwanga. Namba zilizo kwenye kifuniko huwachanganya wanunuzi, kwani 01 huchora mstari wa milimita 0.25, 05 huchora wa milimita 0.45, na 08 huchora wa milimita 0.50. Nunua 05. Ncha ya 01 huchakaa upesi kwenye karatasi ya pamba yenye mikwaruzo, nayo 08 nimeiwekea picha kubwa tu, ambazo saini nyembamba ingepotea chini yake. Hata hivyo, mapenzi yangu yana mpaka: mgongo wa plastiki hauifai kabisa kalamu hii, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Kwa mgongo huo wa plastiki, nafasi ya pili, ambayo kwa wachapaji wengi ndiyo itakuwa ya kwanza, inakwenda kwa Staedtler Lumocolor ya kudumu. Wino wake unatumia alkoholi badala ya maji, na alkoholi hupaa yenyewe ndani ya sekunde chache bila kuhitaji karatasi inayofyonza. Chagua nyeusi, yenye ncha ya S ya takriban milimita 0.4 au F ya takriban 0.6, kwa kuwa ncha pana humwaga wino mwingi kuliko saini inavyohitaji. Usiipeleke kwenye karatasi ya pamba: kile kile kinachoiwezesha kukauka upesi juu ya plastiki huufanya wino utambae ndani ya nyuzi na pengine kutokeza upande wa pili.

Faber-Castell Pitt, ambayo nayo ina wino wa pigmenti, ni ya tatu, na ikiwa msomaji ataiweka mbele ya Sakura sitabishana naye. Kilichoishusha ni mazoea ya mkono wangu tu.

Penseli ya HB ni nafuu, haififii na haihitaji kukauka, lakini haishiki kwenye karatasi inayong'aa. Kalamu ya kawaida ya wino wa mafuta iachwe: gololi yake ya chuma iliyo nchani hukandamiza na kuacha mfereji unaoonekana upande wa mbele mwanga unapopita kwa ubavu. Kalamu nene za nyumbani (maka) vivyo hivyo, kwani baada ya miaka baadhi huzungusha saini kwa duara la manjano.

Kalamu ya rangi nzito inabaki ya mwisho, na ina kazi moja tu inayoihalalisha, yaani kutia saini ya fedha au nyeupe juu ya sehemu yenye giza ndani ya picha yenyewe. Anayelazimika kuitumia aache kila picha peke yake mezani kwa siku nzima au zaidi, kisha aweke karatasi nyeupe juu ya saini, aipandishie vitabu vizito, na aifunue kesho yake. Karatasi ikitoka na alama yoyote, asubiri tena.

Jaribio hilo la vitabu ndilo ambalo wauzaji hawataki tulifanye kabla ya kulipa. Neno "kumbukumbu", yaani la kudumu miaka mingi, au "bila asidi" likishabandikwa kwenye ganda, bei hupanda, ingawa wino usio na asidi unaweza kabisa kuwa mbichi usiku kucha. Halafu kuna tabia ya kuuza seti za kalamu sita, ambazo tano kati yake ni unene usiotumika katika kutia saini, na kuificha ile moja tunayoihitaji isiuzwe peke yake. Kalamu za kujaribia, zikiwapo, zimeachwa wazi hadi zikakauka, na kijikaratasi cha kujaribia ni cha daftari, ambacho hufyonza wino wowote duniani. Siku hizi ninabeba mkobani kipande cha mojawapo ya zile picha kumi na tisa, nikiandika mgongoni mwake mbele ya muuzaji na kukikunja uso kwa mgongo huku tukijadili bei.