Sanduku kuukuu la Louis Vuitton: uzoefu wangu

Naulizwa sana kama inafaa kutoa hela nyingi hivyo kwa sanduku la zamani la Louis Vuitton. Inafaa, mradi uwe unataka sanduku la kukaa nyumbani. Langu nililipata kwa muuza vitu vya kale sokoni Saint-Ouen, pembeni mwa Paris, kwa bei ambayo kwetu Morogoro ningeondoka na bajaji mpya. Najivunia kuwa nalo.

Ukilitazama, anza na kifuniko. Kiko bapa kabisa. Leo hilo halimshangazi mtu, lakini zamani masanduku ya safari huko Ulaya yalikuwa na mgongo wa duara ili mvua iteleze, hivyo hayakupangika moja juu ya jingine. Louis Vuitton, fundi aliyeanzisha kampuni hiyo, aliujua mzigo kwa mikono yake. Alizaliwa Anchay, kijiji cha milima ya Jura, mwaka 1821. Akatoka kwao akiwa bado mvulana, akaenda Paris kwa miguu, na mwaka 1837 akaingia uanagenzi kwa fundi Maréchal, aliyekuwa akitengeneza makasha na kufungasha mali za matajiri. Baadaye alikuwa akifungasha mavazi ya Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, mfalme wa Wafaransa. Alifungua duka lake mwaka 1854, na mwaka 1858 akatoa sanduku bapa lililovikwa turubai la kijivu lisilopitisha maji, katika zama ambazo treni na meli za mvuke zilikuwa zimeshika kasi. Ndiyo maana langu linakaa vizuri chini ya dirisha, na wanangu wanalikalia kama benchi bila wasiwasi.

Uzito ni habari nyingine. Fremu ni ya mpopla, mti mwepesi, lakini papi za mbao, kona za shaba na vitasa vinajumlika. Hata likiwa tupu, kulipandisha ngazi ni kazi ya watu wawili. Hivi ni vyombo vya watu waliokuwa na wabebaji. Mvumbuzi Pierre Savorgnan de Brazza, ambaye jina lake limebaki kwenye mji wa Brazzaville, alikuwa na sanduku la Vuitton linalokunjuliwa likawa kitanda. Mizigo ya safari zake za Kongo ilikuwa juu ya vichwa na mabega ya mapagazi, na kila ninapolisogeza langu nawakumbuka.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kitasa. Kina namba yake, na ufunguo ukizunguka unasikia vyuma vya ndani vikikaa mahali pake kimoja baada ya kingine. Louis na mwanawe Georges walikitoa mwaka 1886, wakati mizigo ikilala stesheni na hotelini na wezi wakiizunguka. Mteja alipewa namba yake, na ufunguo mmoja ukafungua masanduku yake yote. Langu bado linafunga barabara.

Turubai nalo lina kisa chake, maana kila mchoro mpya ulikuwa vita na waigaji. Mistari ya mwaka 1872 iliigwa. Ukaja mchoro wa vyumba kama vya ubao wa drafti mwaka 1888, ukiwa na jina la kampuni ndani yake. Louis alifariki mwaka 1892, na miaka minne baadaye Georges akabuni herufi L na V zilizopishana na maua. Waigaji hawakukoma.

Muuzaji aliniapia kwamba sanduku halina harufu. Nilipolifunga usiku mmoja na kulifungua asubuhi, uvundo ulinipiga usoni. Niliupunguza kwa kuliacha wazi kivulini na kuweka mkaa ndani, si kwa manukato. Usilipake rangi ya viatu, na usiliweke karibu na hita, kwani mbao hukauka zikapasuka.

Kabla hujalipa, nenda na tochi. Soma karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko: langu linataja duka la Champs-Élysées, lililofunguliwa mwaka 1914, kwa hiyo haliwezi kuwa la kabla ya hapo, hata muuzaji aseme nini. Kagua misumari ya pembezoni, ile midogo ya shaba iliyopigwa kwa mkono. Ukikuta mipya inang'aa katikati ya mikuukuu, uliza nani alilifungua na kwa nini. Na kama anakukataza kujaribu ufunguo, mwachie sanduku lake.