Mchoraji wa Bagamoyo: Instagram au tovuti yako mwenyewe?
Instagram ni bure, na wateja tayari wamo humo. Lakini picha ndefu ya mlango wa nakshi hukatwa juu na chini kwenye gridi, na kazi ya mwaka juzi huzama chini ya za jana. Hilo linaniuma.

Tovuti yenye jina lako, la .co.tz, hulipiwa kila mwaka, ila anayepanga kazi zionekaneje ni wewe: kazi 15 bora ukurasa wa mbele, kila moja na vipimo, aina ya rangi na mwaka, kisha namba ya WhatsApp. Kila picha isizidi KB 300, maana mgeni aliyesimama Caravan Serai, jumba la kale la misafara hapa Bagamoyo, anafungua kwa bando la simu.

Anayehitimu TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, leo ningemshauri aanze na tovuti. Instagram imletee watu mlangoni.