Tahadhari: seti ya puli ya "kuongeza nguvu" kwa matrekta madogo ya kufyekea majani

Assalamu alaykum. Wenye matrekta madogo ya kufyekea, hasa mnaofyeka bustani za mahoteli huku Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, kuna mtu anazunguka na puli (gurudumu linalopitisha mkanda) na mkanda wake, anasema ni vya kuongeza nguvu. Msinunue. Mie nimeshaliwa laki na themanini, nimemtumia kwa simu naye yuko mbele yangu. Sasa nikimpigia inaita tu.

Mashine yangu ni mtumba wa Dubai, ina visu viwili vya inchi 21. Mafuta ukiyafungua mwisho injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika. Puli ya injini ilikuwa inchi 4, ya kisu inchi 5 (pima pale mkanda unapokaa, si ukingo wa nje). Hesabu yake ni ya skuli tu: mizunguko ya injini mara puli yake, gawa kwa puli ya kisu. 3,600 mara 4, gawa kwa 5: 2,880.

Yeye kanifungia puli ya injini ya inchi 6. "Sheikh, majani utayanyoa kipara." Na mie nikafurahi, nani hataki kumaliza kabla ya adhuhuri? Kumbe kisu sasa kinazunguka 4,320. Ncha yake iliyokuwa ikienda kama mita 80 kwa sekunde inafika 120. Wamarekani, kwenye kanuni zao za mashine hizi, kikomo ni futi 19,000 kwa dakika, yaani mita 96 na kitu. Na ule mvuto unaotaka kuking'oa kisu hauongezeki kwa nusu kama spidi, unafika mara mbili na robo ya mwanzo. Bolti na beringi ni zile zile.

Ardhi yetu mnaijua, jiwe limejificha chini ya ukoka. Siku ya pili tu kisu kikadaka kijiwe cha matumbawe, kikachomoka chini ya kava, kikaingia ndoo ya maji upande huu kikatokea upande wa pili. Dakika mbili nyuma mwanangu alikuwa amechutama kwenye ndoo ile ile ananawa uso. Nilizima mashine nikakaa chini, magoti hayanibebi.

Nguvu yenyewe wala haikuongezeka. Injini ni ile ile. Kisu kinakwenda mbio lakini kikikutana na majani marefu kinashindwa, injini inakoroma, mkanda unanuka mpira. Nikawa nalaumu petroli.

Nilipoifungua ile puli yake ndiyo nikaona. Rangi nyeusi mpya, ukikwangua chini kutu. Tundu la katikati pana kuliko ekseli, kalibana kwa kipande cha kopo la soda, hata maandishi ya kopo yanasomeka. Na hili ningelistukia tangu mwanzo: hakuniuliza hata mara moja puli ya kisu ni inchi ngapi wala kisu kina urefu gani. Nilipotoa futi nipime akanambia hii saizi ya kiwanda, haipimwi.

Aliyekwisha kununua, chomoa waya wa plagi kabla hujatia mkono chini, rudisha puli ya zamani na mkanda wake. Visu viangalie karibu na tundu la bolti. Changu kimoja kina ufa wa urefu wa kucha.

Mie ya kurudisha sina. Ile ya zamani aliichukua yeye, eti ananipunguzia elfu ishirini, na nadhani hiyo ndiyo biashara yake hasa, kukusanya puli nzima na kuacha makopo. Bahati vipimo nilikuwa nimeviandika kwa rangi ndani ya boneti. Nimechongesha nyingine mjini, inchi 4, nimeifunga jana.