Fundi wa viyoyozi aliyepima kabla ya kuuza
Duka la viyoyozi lililohudumia ofisi yetu ndogo katika Eneo la Viwanda, Nairobi, linastahili sifa kwa sababu fundi wake hakukadiria kwa macho. Alipima sakafu na kimo cha dari, akakagua kwa makini dirisha la magharibi linalochomwa na jua la alasiri, kisha akauliza idadi ya kompyuta na ya watu, kwa kuwa kila mtu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100. Muuzaji alikuwa amependekeza kiyoyozi cha BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha joto; hapa ni kiasi ambacho mashine huondoa kwa saa). Fundi akashusha hadi 12,000, yaani kilowati 3.5 hivi, akieleza kwamba mashine kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima kila mara, ikiacha unyevu hewani. Gharama ya ufungaji, hata hivyo, ni ya juu mno.