Unaifufua fimbo ya pool? Vipuri vya kununua, kuanzia kinachostahili pesa zaidi

Fimbo ya pool ikishakwanguliwa vanishi ya zamani, watu wengi hukimbilia vinavyopendeza macho: uzi mpya wa mshikio, raba mpya, rangi ya kitako. Mimi naanzia upande wa pili. Mpira mweupe hugusana na kipande kidogo cha ngozi tu, yaani ncha, na ngozi hiyo imekalia kola fupi, mara nyingi nyeupe, iitwayo feruli. Kama pesa haitoshi kwa vyote, iishie hapo.

Feruli naiweka ya kwanza, mbele hata ya ncha. Kazi yake ni kuukinga mti usipasuke kila unapopiga. Ncha nzuri juu ya feruli yenye ufa haidumu. Chaguo langu ni melamini, plastiki ngumu, yenye kitambaa cha kitani ndani yake: ngumu, inakerezeka vizuri, inahimili pigo la kutawanya mipira. Ya pili ni faiba, rahisi kuitengeneza ila hunywa rangi ya chaki usipoziba vitundu vyake vidogo. Plastiki laini iache. Shaba inafaa fimbo za snooker. Kwenye pool, uzito ukizidi karibu na ncha, mpira mweupe hukengeuka zaidi unapoupiga ubavuni.

Kipimo ndicho kinachowaponza wengi. Feruli huvaa ulimi wa mti, yaani sehemu nyembamba iliyochongwa mbele ya fimbo, ambao mara nyingi ni inchi 5/16, karibu milimita 8. Ulimi mwingine una hesi (mistari kama ya skrubu), mwingine ni laini. Usilazimishe feruli ya hesi kwenye ulimi laini. Ng'oa ya zamani, pima ulimi kwa kalipa, kisha nunua yenye tundu linalolingana na upana wa nje unaozidi mti kidogo. Ubandike kwa epoksi, uikereze hadi ilingane na mti. Feruli nyembamba kuliko mti haina dawa, isipokuwa kuupunguza mti wenyewe kwa msasa, na hilo linabadilisha fimbo unayoijua mkononi.

Ncha inafuata. Kwa wachezaji wengi, ya tabaka yenye ugumu wa kati ndiyo bora: vipande vyembamba vya ngozi vimegandishwa pamoja, hivyo haitanuki upesi kama uyoga na hubaki na umbo. Ya ngozi moja ni nafuu na ina mguso mzuri, lakini hutofautiana sana hata ndani ya boksi moja. Nunua kadhaa uchague. Ncha ngumu ya fenoliki, aina ya plastiki, ni ya fimbo ya kutawanya peke yake. Ya skrubu na ile ya kofia ya plastiki sipendekezi kabisa, kwa sababu hulegea na mguso wa mpira unapotea. Fimbo nyingi za pool zina milimita 12.75 hadi 13 mbele, kwa hiyo ncha ya 13 au 14 inatosha, kinachozidi kitakatwa. Sawazisha nyuso zote mbili, ya ncha na ya feruli, kwa msasa kabla ya gundi. Hapa ndipo ncha nyingi zinapong'oka.

Uzi wa mshikio: kitani kilichobanwa kwanza, kwa sababu hufyonza jasho. Ngozi ni nzuri, ila ni nene kuliko kitani. Niliwahi kuifunga kwenye mfereji uliochongwa kwa ajili ya uzi, ikabaki juu ya mti, na kila pigo nikaisikia kingo yake kiganjani mpaka nikaitoa. Pima kina cha mfereji kwanza. Nailoni ya mwisho, huteleza.

Raba ya kitako ni kitu cha dakika moja: angalia kama yako ni ya skrubu au ya kusukuma, na upana wa tundu.

Skrubu ya kiungo, inayounganisha vipande viwili vya fimbo, usiiguse isipokuwa imepinda. Ukinunua kipande kipya cha mbele, hesabu hesi kwanza: 5/16 yenye hesi 18 kwa inchi na 5/16 yenye hesi 14 zina unene mmoja, lakini haziingiliani. Ikianza kukaza baada ya mzunguko mmoja, itoe hapohapo.