Nguo za uzazi za bei kali: nini cha kununua Mombasa na nini cha kuachia wenyewe

Jumbe za malalamiko zimenijaa tena, na zote zinafanana. Dada mmoja wa Kisauni alilipia "begi kamili la uzazi" aliloliona kwenye simu. Ndani yake mlikuwa na gauni la satini la rangi ya waridi, koti lake, kilemba chake, kitambaa cha kumfunikia mtoto cha rangi ileile, ndara za manyoya (manyoya, Mombasa hii!) na chupa mbili za kunyonyeshea. Amejifungua salama, alhamdulillahi. Gauni lilipofuliwa mara ya kwanza kwa maji ya kisima lilitoka gumu, lina utando mweupe, na doa la damu liko palepale. Muuzaji alipoulizwa akasema kosa ni la sabuni.

Saizi, rangi na kupendeza kwenye picha sitazizungumzia. Mnazijua, na muuzaji atakuhubiria mpaka masikio yachoke. Nina swali moja tu ambalo hakuna anayeliuliza dukani: nguo hii itafulika kwa maji ya hapa?

Bomba la kutoka chemchemi za Mzima lilijengwa miaka ya 1950. Mji umepanuka mara ngapi tangu wakati huo, na maji ya mfereji yanakuja siku yanayotaka. Kwa hiyo nyumba nyingi zinaishi kwa kisima, au kwa mitungi ya mkokoteni ambayo nayo mara nyingi imejazwa kisimani. Maji yetu ya kisima yana chumvi na madini, na sabuni ya mche ikikutana na madini hayo haitoi povu, inagandamana. Ule mgando ndio unaojipaka kwenye uzi, nguo ikakauka imekakamaa na kumwasha mwenye kuivaa. Sabuni ya unga inastahimili zaidi, lakini nayo lazima isuuzwe vizuri, na kusuuza kunataka maji, na maji yananunuliwa kwa mtungi. Sasa mfikirie mzazi. Damu ya nifasi inaweza kwenda wiki nne mpaka sita. Juu yake kuna maziwa yanayovuja, matapishi ya mtoto, na jasho la mji ambao mwezi wa Machi hata usiku haupoi. Nguo zake zinafuliwa kila siku ya Mungu. Nguo isiyofulika kwa urahisi, hata iwe imeshonwa Paris, kwa mzazi wa Mombasa ni mzigo.

Ndiyo maana orodha yangu imepangwa hivi, na anayeuza satini asinitumie ujumbe wa matusi.

Nafasi ya kwanza: leso

Ndiyo, leso, yaani kanga. Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya nyanya zetu. Lakini tazama kazi zake. Unajifunga nayo ukienda wodini, unatandika juu ya kitanda ambacho hujui nani alilala kabla yako, unamkaushia mtoto, unamzungushia, unajifunika ukinyonyesha mbele ya wageni. Doti moja ni vipande viwili, na kila kipande kina upana wa kumkunja mtoto na bado ukabaki na pindo la kujifutia jasho. Pamba inanyonya jasho na kupitisha hewa. Ikiingia damu unailoweka kwenye maji baridi, baridi nasisitiza, kwa sababu maji ya moto yanaigandisha damu ndani ya uzi na hapo umeshaaga. Baadaye unaweza kuisugua, kuichemsha, kuianika kwenye jua kali na kuipiga pasi, isiseme kitu. Maji ya kisima yataikakamaza kidogo, lakini ikifikichwa mikononi inalainika. Satini haikubali hata nusu ya mateso hayo.

Hapa nataja jina, wala hawanilipi: Mali ya Abdulla, leso za Kaderdina Hajee Essak, pale Biashara Street. Ni duka la tangu 1887. Nazipendelea na sioni haya. Nilizonazo zimefuliwa mpaka maandishi yanasomeka kwa shida, na kitambaa bado ni kizima. Chapa yao imepigwa kwenye kitambaa chenyewe, kwa hivyo itazame hapo, usitazame karatasi ya kufungia. Wapo watakaokuuzia nyingine kwa kuapa ni "kama ileile". Kama ni ileile, mbona inapitisha mwanga?

Doti nzuri nilizoulizia karibuni ni shilingi elfu moja na kitu. Seti ya satini niliyoonyeshwa mwisho ilikuwa 6,500. Piga hesabu mwenyewe. Ila usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya jina lililoandikwa. Kuna muuzaji aliyetaka kunipandishia leso ya "Nani kama mama" eti zinatafutwa sana na waja wazito. Kitambaa kilekile, wino uleule! Nikamwambia anipe yenye jina la kumsema jirani, damu haichagui.

Nunua doti tatu kama mfuko unaruhusu, mbili kama haukuruhusu, na zifuliwe mapema, mwezi wa saba au wa nane wa mimba. Leso mpya ina wanga na rangi ya ziada. Iloweke peke yake kwenye maji baridi, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe, ndipo umguse mtoto nayo. Na peleka kwa fundi ikatwe na kupindwa kabla, si uchungu umeanza ndiyo mama mkwe anatafuta mkasi.

Nafasi ya pili: gauni la pamba la kushonesha

Hili ndilo jibu kwa anayetaka kupendeza, na kupendeza si dhambi. Nunua pamba ya mita, nyepesi, rangi nzito au ya maua ya kuficha madoa, mpelekee fundi wa mtaani. Mwambie vifungo viwe mbele na vishuke mpaka kiunoni. Wengi wanaweka vifungo vitatu tu shingoni, na hiyo ni kasoro kubwa. Mtoto akizaliwa anatakiwa kulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kuanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Kwa vifungo vitatu utaishia kulivua gauni zima mbele ya watu. Vifungo viwe vya plastiki vya kawaida. Vile vya kubana vya chuma vinashika kutu kwa maji yetu, na kutu kwenye pamba ni doa la maisha.

Zipo nguo za aina hii zilizo tayari madukani, za bei juu, na baadhi ni nzuri kweli. Tatizo ni moja: unaambiwa "pamba asilia" na kibandiko cha ndani kimekatwa. Kwa nini kimekatwa? Omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo, utoke nje uuchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalovurugika ukiligusa. Poliesta inanywea, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akikataa kukupa uzi, umeshapata jibu bila kiberiti.

Dera na mitumba

Dera ni la kukaa nyumbani arobaini yako, si la wodini. Mengi ni viskosi, ambayo ikilowa inapoteza nguvu na kuchanika ukiisugua doa. Mitumba ya Kongowea ina magauni ya kulalia ya pamba ya bei poa, chemsha, vaa. Basi.

Nafasi ya mwisho: seti ya satini

Ninayo haki ya kuichukia. "Satini" ni ufumaji tu. Ile ya hariri ni nyingine na bei yake ni nyingine. Hizi tunazouziwa ni poliesta. Haziwezi kunyonya jasho, zinakunata mgongoni, zinateleza kwenye kitanda cha mpira cha hospitali wakati unataka kujiinua na nyonga zinauma. Ukizifukiza udi, cheche moja ya kaa imeacha tundu. (Na udi wenyewe, jamani, fukizeni nguo chumba kingine. Kichanga wa siku mbili hana kifua cha kubeba moshi.) Hospitali nyingine zitakuvisha gauni lao wakati wa kujifungua kwenyewe, hivyo ile seti ya 6,500 itavaliwa kwa ajili ya picha na kwa wageni. Kama picha ndiyo unayoitaka, sawa, ni pesa yako, lakini azima kwa wifi yako.

Kitambaa cha mtoto cha satini ndicho kinachonikera zaidi. Kichanga anahitaji joto la kadiri na kitu kinachokausha. Satini haikaushi kitu.

Mkanda wa tumbo

Huu unauzwa kwa maneno mengi kuliko kazi yake. Una mpira, una gundi za kubandika zinazonasa nyuzi za kila nguo, na kwa joto letu unatoa vipele kiunoni siku ya pili. Mkaja wa leso, ukifungwa na mtu anayejua, unakushika mgongo vilevile na unafulika. Usikazwe mpaka pumzi ikate. Hakuna mkanda wala mkaja unaoyeyusha mafuta ya tumbo, yeyote atakayekwambia hivyo anauza. Na aliyepasuliwa asifunge chochote kabla ya kumuuliza daktari au muuguzi wake. Yeye atafute suruali za ndani za pamba zinazopanda juu ya kitovu, ili mpira usikae juu ya mshono.

Mahali ambapo pesa itumike bila uchoyo

Pedi. Chukua zile ndefu za uzazi, zisizo na manukato, na uchukue za kutosha. Hapa sina mapenzi na kampuni yoyote, nataka tu urefu na uso wa pamba usionata kwenye nyuzi za mshono. Ukilowesha pedi kubwa kila saa, au damu inatoka na mabonge, hiyo si habari ya pedi tena, ni ya hospitali, sasa hivi.

Tenga pia nauli. Watu wa Likoni na Mtongwe wananielewa. Uchungu ukikushika usiku na wewe uko ng'ambo, kuna gari la kukodi na kuna kivuko, na hakuna dereva atakayepokea kilemba cha satini. Tena hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa mapema.

Vilivyobaki kwenye begi

Nepi za kutupa za saizi ya kwanza, pakiti ndogo tu, kwani mtoto anakua upesi. Beseni la kifahari linaweza kusubiri. Shirika la Afya Duniani linashauri kichanga asioshwe mpaka masaa 24 yapite. Mafuta na poda za kitovu ziache dukani zote. Kitovu kiachwe safi na kikavu, na kama kliniki watakupa dawa ya kukipaka, tumia hiyo tu. Chandarua cha mwavuli chenye maua kinapendeza, lakini uliza kwanza kliniki yako ya wajawazito, kwani huku Pwani mama mjamzito hupewa chandarua chenye dawa bila malipo.

Zile chupa mbili ndizo zinazonipandisha presha. Kenya ina sheria tangu 2012 inayokataza kutangaza chupa za kunyonyeshea na maziwa mbadala ya watoto, na Wizara ya Afya inasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Halafu mtu anakuwekea chupa kwenye begi kama zawadi, na bei yake ameiingiza humohumo. Mwambie azitoe na apunguze pesa. Akisema seti haivunjwi, mwachie seti yake.

Na hii tabia ya "njoo inboksi" kila bei ikiulizwa! Unaingia, unaulizwa uko wapi. Ukisema Nyali bei ni moja, ukisema Changamwe ni nyingine. Unaitisha picha ya kitambaa kwa karibu, unatumiwa picha ya mwanamke wa Kizungu amelala kwenye mto mweupe. Mimi naenda Biashara Street kwa miguu yangu, nashika kitambaa, napatana bei uso kwa uso. Nendeni asubuhi, jua halijapanda, na Ijumaa msichelewe; duka nyingi zinafungwa kwa swala ya adhuhuri na mafundi nao hawapo.