Chakula kikavu cha mbwa wa umbo dogo: mifuko mitatu na mizani ya jikoni

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani pana mifuko mitatu ya chakula kikavu cha mbwa, na majina yote nimeyaziba kwa karatasi. Nimefanya hivyo makusudi. Duka la kwenu huenda lina chapa nyingine kabisa, na hata chapa ile ile inaweza kubadilisha mchanganyiko wake mwakani. Kitakachokusaidia ukiwa umesimama mbele ya rafu ni kuijua lebo ya nyuma. Kwa hiyo leo tunasoma lebo, tunapima kwenye mizani, kisha nawaambia upi ningemchagulia mbwa mzima wa kilo 4 aliyehasiwa.

Tuelewane kwanza kwenye neno. Ukimwambia muuzaji unataka chakula cha mbwa mdogo, ni rahisi akupe cha watoto wa mbwa. Mimi nazungumzia mbwa wa umbo dogo: Maltese, Chihuahua, Pomeranian, Shih Tzu, Yorkshire Terrier, pamoja na machotara wadogo ambao hata wakizeeka hawavuki kilo 7 au 8. Chakula cha watoto kina nguvu nyingi kwa ajili ya kukua. Mbwa mzima asiyekua tena, akilishwa hicho kila siku kwa kipimo cha macho, ananenepa.

Haya, mfuko wa kwanza, wa bei ya chini. Mbele kuna picha ya mnofu wa nyama na mboga zinazong'aa. Ugeuze. Protini asilimia 18, mafuta 7, nyuzinyuzi 5, unyevu 12, majivu, yaani madini, 9. Wanga haukuandikwa, lakini unautoa mwenyewe: chukua 100, ondoa hizo zote, inabaki 49. Karibu nusu ya mfuko ni wanga. Viambato vinaanza na mahindi, vinafuata pumba za ngano, mashudu ya soya, halafu "vitokanavyo na wanyama", bila kutaja mnyama gani.

Hapa niwe mkweli kwa mfuko huu. Protini yake haijashindwa. AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama Marekani, kinataka mbwa mzima apate protini angalau asilimia 18 ya chakula kikishatolewa maji. Ukitoa unyevu 12 kwenye 100 inabaki 88, na ukigawa 18 kwa 88 unapata asilimia 20 na nusu, kwa hiyo umepita. Ila namba ya protini kwenye lebo ni makadirio yanayotokana na naitrojeni, haisemi protini hiyo imetoka wapi wala mbwa ataimeng'enya kiasi gani. Mwaka 2007 huko Amerika Kaskazini mbwa na paka waliugua figo na wengi wakafa kwa sababu viungo vya chakula chao vilitiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ili protini ionekane juu. Ndiyo maana siridhiki na namba peke yake, nataka na jina la mnyama.

Kinachouangusha mfuko huu ni kitu kingine: hakuna popote palipoandikwa kwamba ni chakula kamili. Tafuta neno "complete", au sentensi inayotaja AAFCO au FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani Ulaya, pamoja na umri wa mbwa anayekusudiwa. Ukikuta "complementary", maana yake ni kitoweo cha kuongezea, hakitoshi peke yake. Kalsiamu na fosforasi nazo hazikuandikwa. Na hizi rangi nyekundu na kijani ni kwa ajili ya macho yako, mbwa hazimsaidii kitu.

Sogeza kamera hapa. Punje hii naiweka kwenye rula: milimita 16. Mbwa wa kilo 3 mdomo wake hauimudu vizuri. Atailamba, ataiviringisha, kisha ama ataiacha au ataimeza nzima na kukabwa. Sasa tazama punje ya mfuko wa pili: milimita 8, na nikiibana kwa kucha ya dole gumba inapasuka. Hiyo ndiyo saizi ya taya dogo, hasa kwa kuwa mbwa hawa meno yao yamebanana na huoza fizi mapema.

Na kuhusu meno, chakula kikavu cha kawaida hakisafishi meno. Punje inapasuka kwenye ncha ya jino tu, ukoga unabaki pale chini kwenye ufizi. Mswaki bado unahitajika, kwa dawa ya meno ya mbwa. Ya binadamu ina floridi, na nyingine zina zailitoli, sukari mbadala ambayo hata kwa kiasi kidogo humshusha mbwa sukari ya damu ghafla na kuharibu ini.

Mfuko wa pili, tuusome wote. Protini 27, mafuta 16, nyuzinyuzi 3, unyevu 10, majivu 7. Wanga unabaki 37. Kalsiamu 1.2, fosforasi 1.0, uwiano unaokubalika, kwa sababu kalsiamu haitakiwi kuwa chini ya fosforasi wala kuizidi zaidi ya mara mbili. Kiambato cha kwanza ni unga wa nyama ya kuku, kisha mchele, mahindi, mafuta ya kuku yaliyohifadhiwa kwa vitamini E.

Watu wengi wakiona neno "unga wa kuku" wanakunja uso na kutaka "kuku mbichi". Subirini. Viambato hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na kuku mbichi ana maji kama asilimia 70. Maji yakishatoka kiwandani, yule kuku aliyekuwa wa kwanza anaweza kushuka chini ya nafaka. Unga wa kuku umeshakaushwa, kwa hiyo uzito wake kwa sehemu kubwa ni protini. La kuogopa ni unga usiotajwa mnyama.

Mfuko wa tatu bei yake ni mara mbili ya huu. Hauna nafaka, na umeandika hivyo kwa herufi kubwa. Protini 32, mafuta 18, nyuzinyuzi 4, unyevu 10, majivu 8. Viambato: kuku mbichi, njegere, dengu, protini ya njegere, wanga wa viazi. Umeona njegere zimeingia mara mbili kwa majina mawili? Zikijumlishwa huenda zinampita kuku. Julai 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kuchunguza ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa waliokuwa wakila vyakula vya namna hii, vingi vikiwa na njegere na dengu kwa wingi. Haijathibitika kwamba njegere ndizo chanzo. Lakini nami sioni sababu ya kulipa mara mbili kwa ajili ya kukwepa mchele. Mbwa wengi wenye mzio wa chakula wanasumbuliwa na protini, mfano ng'ombe, maziwa au kuku. Ngano imo kwenye orodha, ila mzio hautibiwi kwa kubahatisha mifuko.

Halafu mafuta 18 si ya kila mbwa. Miniature Schnauzer na Yorkshire Terrier ni kati ya wanaougua kongosho kirahisi. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho apangiwe chakula na daktari wa mifugo, hata mfuko wa pili usimpe kabla ya kumuuliza.

Sasa mizani, na hapa ndipo mbwa wa umbo dogo anapoharibiwa hata kwa chakula kizuri. Chukua uzito wa mbwa kwa kilo, uandike mara tatu na kuzidisha, kisha kwenye kikokotoo bonyeza alama ya kipeuo cha pili (√) mara mbili. Kilo 4: nne mara nne mara nne ni 64, kipeuo chake 8, kipeuo tena 2.83. Zidisha kwa 70 unapata 198, hizo ni kalori za kuishi tu amelala. Kwa mbwa mzima aliyehasiwa zidisha kwa 1.6, unapata 317 kwa siku. Asiyehasiwa zidisha kwa 1.8. Kalori ninazosema ni zile zinazoandikwa kcal.

Mfuko usipoandika kalori, zikokotoe: protini mara 3.5, mafuta mara 8.5, wanga mara 3.5, jumlisha. Mfuko wa kwanza unatoa 294 kwa gramu 100, wa pili 360, wa tatu 363. Kwa hiyo mbwa wetu anahitaji gramu 108 za mfuko wa kwanza, au gramu 88 za mfuko wa pili. Tuchukulie wa kwanza unauzwa shilingi 8,000 kwa kilo na wa pili 12,000. Kwa kilo tofauti ni 4,000. Kwa siku, wa kwanza unakula shilingi 864 na wa pili 1,056, tofauti haifiki 200. Linganisheni bei kwa siku, msilinganishe kwa kilo.

Angalieni hiki kikombe cha chai. Nakijaza punje za mfuko wa pili, nasawazisha kwa kisu: gramu 95. Sasa nakijaza kama tunavyojaza wengi wetu, na kilima juu: gramu 118. Kilima hicho ni gramu 23, kalori 83 hivi. Kwa mbwa wa kilo 30 ni tone. Kwa huyu wa kilo 4 ni zaidi ya robo ya chakula chake cha siku. Kila siku, mwaka mzima. Ndiyo maana nasema mizani ya jikoni kwanza, chapa baadaye. Na vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi, kwa huyu ni kalori 32. Robo ya chapati ya mafuta inapita hapo.

Hesabu inakupa pa kuanzia tu, mbavu ndizo zinazosahihisha. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikichomoza hivyo, amekonda. Fungua kiganja, papasa upande wake wa ndani: ukizitafuta mbavu namna hiyo, amenenepa. Zikiwa kama mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, unazihisi bila kukandamiza, umepatia. Ongeza au punguza gramu 8 kwa siku, kisha pima tena baada ya wiki mbili.

Mtoto wa mbwa ana hesabu yake: zile kalori za kuishi tu zidisha kwa 3 hadi afike miezi minne, kisha kwa 2 hadi amalize kukua, kwa aina hizi karibu miezi 10 hadi 12. Mgawie milo minne kwa siku. Vitoto vya Chihuahua na Yorkshire vikikaa na njaa sukari inashuka. Ukimwona anatetemeka, analegea, anayumba, mpake asali au glukosi kwenye fizi na umkimbize kwa daktari.

Kuhamisha chakula: siku mbili za kwanza robo mpya, kwa mbwa wetu gramu 22, na robo tatu ya chakula cha zamani, siku mbili zinazofuata nusu kwa nusu, kisha robo tatu mpya, siku ya saba kipya chote. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma. Na ukikutana na video ya mtu anayeloweka punje kwenye maji ili kuonyesha zinavyofura, isikutishe, kufura hakupimi ubora.

Jambo moja naliomba kwa nguvu. Usinunue chakula cha kupimiwa kutoka kwenye gunia lililo wazi. Tarehe imepotea, namba ya toleo imepotea, mafuta yameanza kuchacha, na ukiwa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa unyevu unafanya mengine. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haifi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Desemba 2020 Marekani ilirejeshwa shehena ya chakula kikavu cha mbwa kwa sababu hiyo hiyo, na kufikia Januari 2021 FDA ilikuwa na taarifa za vifo zaidi ya 110. Mbwa akikataa kula, akitapika, na weupe wa macho au fizi zikiwa za manjano, simamisha chakula hicho, nenda hospitali, nenda na mfuko. Na kwa anayefikiria kubana matumizi kwa chakula cha kuku wa nyama: baadhi yake kina dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, kama monensini na salinomisini, ambazo humpooza mbwa.

Uamuzi wangu ni mfuko wa pili. Ila nunua saizi ya mbwa wako. Gunia la kilo 10 linaonekana nafuu, lakini kwa gramu 88 kwa siku litachukua siku 113, na mfuko ukishafunguliwa uishe ndani ya wiki sita. Mfuko wa kilo 3 unaisha siku 34. Kiache chakula ndani ya mfuko wake, kunja mdomo, ubane kwa kibanio, uweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jiko na dirisha. Usimimine punje moja kwa moja kwenye ndoo, mafuta hujipaka ukutani na kuchacha, kisha yanaharibu mfuko unaofuata. Mwenye Chihuahua wa kilo 2, wako anakula gramu 52 tu, kwa hiyo hata hizo kilo 3 ni nyingi. Chukua kilo moja na nusu, au mgawane na jirani siku ile ile mnayofungua, kila mmoja akiwa na picha ya tarehe na namba ya toleo kwenye simu yake.